Ngoma na Kalamu katika Nchi ya Ziwa

Mgeni afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza hupokewa na mawe. Yamepandana juu ya vilima na ndani ya maji, na nyumba za watu zimejipenyeza katikati yake. Mji wenyewe si mkongwe. Wajerumani waliweka boma hapo mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Na pamba ya Wasukuma ikaupa mji maghala, bandari na maduka. Atazamaye mambo hayo peke yake aweza kudhani kuwa Mwanza ni mji wa biashara tu, na kwamba sanaa ililetwa humo pamoja na shehena za meli. Dhana hiyo si sahihi. Sanaa ya nchi ya ziwa ilitangulia boma, na makao yake yalikuwa mashambani, katika nyumba za watemi na visiwani. Swali limpasalo mwanafunzi wa historia ni hili: sanaa hiyo ilivukaje karne ya 20, na ni nani aliyeivusha?

Usukumani sanaa kubwa ni ngoma, na historia ya ngoma huanza na mashindano. Masimulizi ya wazee hutaja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa uchezaji na kwa nguvu ya dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo wachezaji wengi wa Usukuma wamejihesabu kuwa wa upande mmoja au wa pili. Baada ya mavuno, ghala zikiwa na nafaka na jembe likipumzika, makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hapana hakimu aketiye kitini. Watazamaji huenda huku na huko, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda.

Sheria hiyo ni nyepesi kuitaja, walakini matokeo yake ni mazito. Mchezaji aliyerudia mchezo wa mwaka jana aliachwa peke yake uwanjani. Basi kila kundi lililazimika kubuni: nyimbo mpya, mavazi mapya, kioja kipya, pamoja na dawa ya kuvuta watu, ambayo kiongozi aliilinda kama siri. Bayeye, mafundi wa nyoka, walicheza na chatu mikononi. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, walikuwa na ngoma yao. Wakulima waliolima kwa zamu katika mashamba ya wenzao waliipata bugobogobo, ambamo jembe lenyewe hurushwa na kudakwa kwa kufuata mapigo. Wale wasemao kuwa sanaa ya jadi ni kukariri yaliyoachwa na mababu hawajasimama katika uwanja wa Wasukuma. Hapo jadi yenyewe ilimtaka mtu alete jambo lisilopata kuonekana.

Wamisionari wa Kikatoliki walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, na kwa miaka mingi wengi wao waliitazama ngoma kwa jicho la shaka, kwa kuwa dawa na mizimu ilikuwa ndani yake. Katika miaka ya 1950 alitokea mmoja aliyeshika njia nyingine. Padri David Clement, mtu wa Kanada, alifanya kazi Bujora, karibu na Kisesa katika barabara iendayo Musoma. Yeye pamoja na wazee wa Kisukuma walianza kukusanya vyombo, ngoma, viti na habari za watemi. Kanisa lilijengwa kwa umbo la duara kama nyumba ya Kisukuma. Sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni iliunganishwa na mashindano ya Bagika na Bagalu, na sherehe hiyo ikaitwa Bulabo, yaani maua. Hivyo ngoma iliyokuwa ikikemewa ikapewa uwanja mbele ya kanisa.

Haukupita muda ila kazi hiyo ikapata maana nyingine. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya watemi. Ngoma za kitemi, ambazo zilikuwa sauti ya utawala, zikabaki bila kazi, na nyingine zikapata makao katika jumba la makumbusho la Bujora. Hapo pana jambo la kufikiriwa. Ngoma iliyowekwa juu ya ubao imesalimika na mchwa, lakini haitoi sauti. Laiti Bujora ingekuwa nyumba ya kuhifadhia vitu tu, ingekuwa kaburi safi. Kilichoiepusha na hali hiyo ni uwanja ulio nje, ambako kila mwaka umati huamua tena nani ashinde. Wala maana ya vyombo vile haikufa pamoja na sheria: mwezi Septemba mwaka 2021 machifu walikutana Kisesa, wakamvika Rais Samia Suluhu Hassan mavazi ya kitemi na kumpa jina la Hangaya.

Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, habari ni nyingine. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Alisoma kwa wamisionari, akajua lugha kadhaa, akaona jinsi mila na maneno ya Wakerewe yalivyokuwa yakipungua vinywani mwa vijana. Akashika kalamu. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka, mume na mke wapendanao ambao hawakujaliwa mtoto, mpaka wakwe wakamchukua binti yao. Kitereza na mkewe walikuwa wamefiwa na watoto wao wote. Aliandika jambo alilolijua.

Wachapaji hawakukitaka kitabu cha lugha ya watu wachache. Muswada ukakaa. Mwandishi, akiwa mzee, aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kitabu kilichoandikwa ili kuihifadhi lugha ya Kikerewe kikatoka kwa lugha nyingine, baada ya miaka 35.

Walakini kisiwa hicho hicho kilizaa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, ambaye riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 iliutikisa ulimwengu wa fasihi ya Kiswahili. Kilimzaa pia Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya, aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002. Ndivyo kazi ya mzee ilivyopata mrithi.

Tukizilinganisha habari hizi mbili, tofauti yake haimo katika ubora wa sanaa. Kitereza hakuwa fundi mdogo kuliko mcheza chatu. Tofauti imo katika umati. Ngoma ya Usukuma haikukosa watazamaji hata mwaka mmoja, na kwa hiyo ilivuka misheni, ukoloni na kuondolewa kwa watemi. Kitabu cha Ukerewe kilikosa wasomaji, kikakaribia kufa pamoja na mwenyewe. Kuhifadhi ni kazi njema, na waliojenga Bujora wanastahili shukrani. Hata hivyo jumba haliwezi kufanya kazi ya watu. Ngoma huishi kwa anayesogea kuitazama, na kitabu huishi kwa anayekifungua. Wanafunzi waingiao leo Mwanza kusoma katika vyuo vyake wana mambo yote mawili karibu: uwanja wa Kisesa upo barabarani, na meli ya Ukerewe ipo bandarini.