Nyonyo na silikoni: Fahamu molekuli zinavyojipanga kwenye chipu

Dodoma. Kwa wakazi wengi wa Kikuyu na maeneo mengine ya Dodoma, mafuta ya nyonyo ni ya kupaka kwenye nywele. Kumbe kwenye maabara za kemia, asidi inayotokana na mafuta hayo hutumika kufunika silikoni, malighafi ya chipu za simu na paneli za sola.

Kwa nini ifunikwe?
Silikoni tupu haipatani na hewa. Ikikutana na oksijeni inajitengenezea oksidi, kama chuma kinavyoshika kutu. Oksidi hiyo ina unene wa nanomita 1 hadi 2 tu (unywele una kama 80,000), lakini inatosha kuvuruga kifaa kinachopima vitu vidogo sana.

Asidi yenyewe
Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nyonyo ni asidi ya risinoleiki. Ikipitishwa kwenye moto wa nyuzi 500 hivi, molekuli inakatika na kutoa asidi ya undesileniki, yenye kaboni 11. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye baadhi ya dawa za fangasi za miguu.

Molekuli hii ina ncha mbili: moja inashika silikoni, nyingine inabaki juu, tayari kushika kitu kingine.

Hatua kwa hatua
1. Oksidi inaondolewa kwa asidi ya hidrofloriki. Silikoni inabaki imevaa hidrojeni.
2. Asidi ya undesileniki inawekwa juu, kisha joto au mwanga wa urujuanimno unatumika.
3. Kaboni ya mwisho inajifunga moja kwa moja na silikoni. Kifungo hiki ni imara, hakitoki kwa kuoshwa.
4. Mikia inasimama imebanana, tabaka moja tu. Kwa kuwa mikia ni minene, inashika takriban nusu ya atomi za juu. Zilizobaki zinaendelea na hidrojeni yao.

Mwaka 1993, Matthew Linford na Christopher Chidsey wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa tabaka la kaboni linaweza kufungwa hivyo kwenye silikoni bila oksidi katikati.

Inasaidia nini?
Ncha ya juu inaweza kufungwa na DNA au kingamwili. Kinachotafutwa kikipita, kinanaswa na chipu inatoa ishara. Lengo ni kipimo kidogo kinachoweza kufanya kazi hata kwenye zahanati isiyo na maabara kubwa. Sehemu kubwa ya kazi hii bado ni utafiti.

Tahadhari
Usijaribu nyumbani. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na inaweza kuua. Mbegu za nyonyo nazo zina sumu ya risini, hivyo watoto wasizitafune.