Michezo ya mtindo wa Rogue
Michezo ya mtindo wa Rogue ni aina ya michezo ya video iliyopewa jina la Rogue (1980), mchezo wa kompyuta wa Michael Toy na Glenn Wichman. Humo mchezaji hupita katika vyumba vya chini ya ardhi vinavyopangwa upya kila anapoanza. Mhusika akifa, safari imekwisha. Mipaka ya aina hii hubishaniwa. Mwaka 2008 watengenezaji waliokutana Berlin waliorodhesha sifa zake, zikiwemo kucheza kwa zamu na ramani ya miraba, ingawa orodha ilikusudiwa kupima ukaribu wa mchezo na asili, si kuukubali au kuukataa. Mwaka huohuo Spelunky ya Derek Yu ilihifadhi kifo cha moja kwa moja na ramani za kubahatisha, ikaacha zamu. Hades (2020) pia huwekwa katika kundi hili, japo haina zamu wala miraba.