Ulezi waweza kujaza pengo la ndizi Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KATIKA wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, chakula maana yake ni ndizi. Kwa kaya nyingi za Wahaya, mlo usio na ndizi ni kitafunio tu, hata kama aliyekula ameshiba.

Mtama, uwele na ulezi zimebaki pembeni. Ulezi, ambao kwa Kihaya huitwa oburo, ulikuwa ukilimwa na kina mama katika rweya, yaani maeneo ya nyasi yaliyo nje ya vibanja vya migomba, pamoja na njugu mawe na viazi vikuu. Mtama nao unafahamika zaidi kwenye mtumbwi wa kutengenezea pombe kuliko jikoni, kwa kuwa unga wake uliokaangwa ndio unaochachusha lubisi.

Hata hivyo, wingi wa ndizi haujazuia udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 30. Katika tafiti zote mbili Kagera ilikuwa juu ya wastani huo. Sababu za udumavu ni nyingi, yakiwamo magonjwa na uchache wa milo, lakini ndizi humpa mtoto nguvu bila kumpa protini wala kalsiamu ya kutosha.

Hapo ndipo ulezi unapofaa. Gramu 100 za unga wake zina takriban miligramu 350 za kalsiamu, karibu mara tatu ya kiasi kilichomo katika uzito uleule wa maziwa ya ng'ombe. Takwimu hii isipokewe kwa pupa: kikombe cha uji hubeba gramu 30 hadi 50 tu za unga, na kemikali iitwayo faiteti huzuia sehemu ya kalsiamu, chuma na zinki isifyonzwe mwilini.

Dawa yake ni kimea. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliufanyia kazi ujuzi huu wa wapika pombe kwa ajili ya uji wa watoto. Ulezi hulowekwa usiku kucha, ukaoteshwa kwa siku mbili au tatu ndani ya kitambaa chenye unyevu, ukakaushwa juani, ukapukuswa vichipukizi na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo hulainisha uji mzito papo hapo. Mama huweza hivyo kutia unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile, jambo kubwa kwa mtoto mwenye tumbo dogo. Kuotesha pia hupunguza faiteti. Kwa kimea cha mtama, kuondoa vichipukizi ni lazima, kwani vina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sayanidi.

Kwa watu wazima, hasa wa mjini wanaokula wali na mkate mweupe, faida iko kwenye sukari ya damu. Uchambuzi wa tafiti 65, uliochapishwa mwaka 2021 na wanasayansi wakiongozwa na taasisi ya ICRISAT, ulionyesha kuwa nafaka hizi hupandisha sukari kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 36 kuliko mchele uliokobolewa na ngano nyeupe. Bila shaka, vijiko vinne vya sukari katika uji vitaifuta faida hiyo.

Kwa upande wa mazingira, hadi kufikia mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulikuwa umethibitishwa wilayani Muleba, na familia zilizotegemea zao moja zikaona hatari yake. Ulezi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na hustahimili mvua haba, jambo linaloufaa upande wa magharibi wa Muleba, ambako mvua ni kidogo kuliko Bukoba mjini. Tofauti na mpunga wa mabondeni, hauhitaji maji yaliyotuama, ambayo huzalisha gesi ya methani. Ukikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa.

Lakini kufyeka na kuchoma rweya kila msimu kutaimaliza faida hiyo. Udongo wa rweya ni dhaifu na huhitaji kupumzishwa kwa miaka, na nyasi zake ndizo matandazo ya migomba. Ni afadhali kupanda kwa mzunguko na maharage au njugu mawe katika mashamba yaliyokwisha kufunguliwa.

Palizi nayo ni ngumu, na kwa kawaida huwaangukia wanawake: gugu pori la jamii ya ulezi hufanana na zao lenyewe hadi linapotoa masuke. Aina bora za U15 na P224 zilitolewa nchini, zikiwa na uvumilivu zaidi kwa ugonjwa wa blasti.

Kwa mnunuzi wa sokoni, tatizo ni mchanga. Ulezi mwingi hupurwa chini, hivyo uoshwe mara kadhaa na kuanikwa kabla ya kupelekwa mashineni.