Kusoma, Kusomea, Kusomewa

Magazeti yetu hukitumia sana kitenzi kusomewa, na karibu kila mara ni katika habari za mahakamani: mshtakiwa kasomewa mashtaka, kisha kasomewa hukumu. Ukishuka pwani utakisikia kando ya kitanda cha mgonjwa. Fulani amesomewa, maana yake shehe amekuja, amemsomea aya na kumwombea afueni. Kampala nako neno kusoma lina ibada ndani yake. Waganda walilichukua kutoka kwa Waswahili na Waarabu waliofika kwa Kabaka, wakalifanya okusoma, na waongofu wa miaka ya 1880 wakaitwa abasomi, wasomaji. Hadi leo, ukimuuliza mtu mzima wa Buganda anasomea wapi, huenda akakutajia kanisa lake.

Kote huko, mtoto aliyeegemea paja la mama akisikiliza kitabu hayumo. Sarufi inamruhusu kusomewa, ila mazoea ya lugha hayajampa nafasi, na jambo hili huonekana wazi zaidi pale mtu anapotafuta kitabu cha kuwasomea watoto waliolazwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Hospitali hii ilianza mwaka 1913, na leo kilima chake hupokea rufaa kutoka nchi nzima. Katika chumba kimoja utamkuta mtoto wa Arua, wa Moroto na wa Masaka, na pengine mmoja aliyevuka mpaka kutoka Kongo. Kiganda hakiwafikii wote. Kiingereza huwafikia wale tu waliokwisha kukaa shuleni. Kiswahili, ambacho katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na Baraza la Mawaziri likakisukuma tena mwaka 2022, mara nyingi kimetangulia kufika na wazazi kutoka West Nile na Kongo. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kina kazi ya kufanya hapa. Suala ni kipi, na kwa mtoto gani.

Ukimuuliza mwalimu, atakwambia habari za kusoma kwa sauti. Kwake, hilo ni zoezi: mwanafunzi anasimama, anasoma, na mwalimu anapima kama anatamka sawasawa. Istilahi hiyohiyo tunaitumia kwa mama anayemsomea mwanawe kabla ya kulala, na hapo mambo yanachanganyika. Kitabu kilichoandikwa ili mtoto wa darasa la pili akisome mwenyewe huwa na maneno machache, sentensi fupi, mambo yanayojirudia. Ni sawa kabisa kwa kazi yake. Lakini msomee mtoto huyohuyo, na kabla ya ukurasa wa nne atakuwa anatazama dirishani, kwa sababu sikio lake liko mbele ya jicho lake kwa miaka kadhaa. Mtoto asiyejua herufi hata moja anaweza kufuata hila, hofu, na mazungumzo ya watu watatu.

African Storybook, mradi wa vitabu vya bure vya mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2014, ukiwa na hadithi kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, umelitambua hilo. Ngazi zake huanza na maneno ya kwanza, zikapanda hadi aya ndefu, na juu ya zote ipo ngazi ya vitabu vya kusomewa. Yaani kitabu kigumu kuliko vyote kwa mtoto kukisoma peke yake ndicho kinachotakiwa kufunguliwa na mtu mzima.

Kuhusu umri, wachapishaji huandika tarakimu au darasa. Kiswahili cha nyumbani kilikuwa na kipimo kingine. Kilimtazama mtoto anafanya nini: ameketi, anatambaa, amesimama dede, amekuwa kibogoyo kwa kung'oka meno ya mbele. Napenda kipimo hiki, na wodini kina faida kubwa, kwa kuwa maradhi huvuruga tarakimu. Mtoto wa miaka saba aliyelala miezi mingi katika Taasisi ya Saratani, iliyofunguliwa hapa kilimani mwaka 1967 kwa ajili ya uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, anaweza siku moja kutaka hadithi ndefu, na kesho yake, dawa zikimchosha, akataka picha tu na sauti anayoijua. Aliyesimama dede apewe kitabu cha karatasi ngumu kinachofutika kwa kitambaa chenye dawa, maana kitaingia mdomoni. Hapo husomi, unataja na kuonyesha. Wazee wangesema unatamba, na mtambaji ana ruhusa ya kuliacha andiko.

Chukua hadithi ya kima na papa, ambayo mmisionari Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja. Papa anamchukua rafiki yake kima mgongoni, na katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba, kwa bahati mbaya, kima huacha mioyo yao mitini, warudi wakauchukue. Msomee wa miaka mitatu, naye atakuuliza moyo umetundikwa tawi gani. Amesadiki, sawa na papa. Wa miaka mitano anaanza kucheka kabla papa hajageuza kichwa, kwa sababu sasa anaelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Maneno ni yaleyale na picha ni zilezile, lakini hawakusomewa hadithi moja.

Halafu kuna wa miaka sita ambaye kesho anaingia chumba cha upasuaji. Anasikia kwamba kuna mkubwa mgonjwa, na kwamba kiungo cha mdogo ndiyo dawa. Mimi jioni hiyo nisingeifungua. Wa miaka kumi, hata akiwa na kovu lake, ningemsomea bila wasiwasi: huyu ameshamjua kima kuwa ndiye aliyeokoa moyo wake kwa ulimi. Hakuna tarakimu ya mgongoni mwa kitabu itakayokwambia hayo. Inakubidi umuulize mama, au nesi wa zamu.

Wakubwa wa miaka kumi na moja au kumi na mbili ndio wanaosahaulika, kwa kudhaniwa kwamba anayejua kusoma hahitaji tena kusomewa. Hao wapewe kitabu cha sura nyingi, sura moja kila jioni. Visa vya Moses, mtundu wa shule ya bweni aliyebuniwa na Barbara Kimenye katika miaka ya 1960, ni vya Kiingereza, lakini shule ile ni ya Uganda, na msomaji mwepesi anaweza kuvigeuza Kiswahili papo kwa papo.

Mulago imewahi kupata jina kutoka ndani ya lugha. Kituo chake cha lishe kinaitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda isemayo omwana mugimu ava ku ngozi: afya ya mtoto huanzia kwenye mbeleko. Hakuna mama wa Kiganda anayehitaji kuelezwa jina hilo. Kwa vitabu naomba kidogo zaidi ya jina: mistari miwili kwenye jalada la nyuma. Wa kwanza, Kusomewa, kuanzia miaka minne. Wa pili, Kusoma mwenyewe, kuanzia miaka minane. Baba aliyefika jana kutoka Nebbi, akiinamia sanduku la vitabu pembeni mwa wodi, ataujua ule wa kwanza kuwa ndio unaomhusu.