Funza: Ni lini mgonjwa ajitibu nyumbani, ni lini aende zahanati

PINI ya nguo au mwiba ndiyo dawa ya kwanza ambayo familia nyingi za Kwale huikimbilia mtoto anapolalamikia mwasho wa kidole cha mguu. Hata hivyo, wataalamu wa afya huonya kuwa pini hiyo mara nyingi huleta madhara makubwa kuliko funza mwenyewe.

Kwa mzazi anayeishi mbali na barabara kuu ya Diani na Msambweni, uamuzi si mwepesi. Kwenda zahanati humgharimu nauli ya bodaboda na kibarua cha siku nzima, ilhali pini anayo nyumbani. Jambo la kupima ni idadi ya funza, hali ya vidonda na afya ya mgonjwa mwenyewe.

Mdudu mgeni

Funza, ambaye pia huitwa tekenya, asili yake ni bara la Amerika. Aliingia Angola mwaka wa 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akasambaa barani kwa misafara ya wafanyabiashara na wapagazi, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki.

Mdudu huyu hazidi urefu wa milimita moja. Jike hujipenyeza kwenye ngozi, hasa kandokando ya kucha, katikati ya vidole na kwenye kisigino, kisha huvimba hadi ukubwa wa punje ya mbaazi. Doa jeusi linaloonekana katikati ya uvimbe ni sehemu yake ya nyuma, ambayo huitumia kuvuta pumzi na kutoa mayai.

Mayai hayo huanguka mavumbini na kuanguliwa baada ya siku chache. Funza mwenyewe hufia ndani ya ngozi katika muda wa wiki nne hadi sita. Kwa hivyo, mgonjwa anayeendelea kuteseka kwa miezi kadhaa huwa anaambukizwa upya kila siku, mara nyingi ndani ya nyumba yake.

Hatari ya pini

Kumchokoa funza aliyekwisha kuvimba humpasua, na mabaki yake yakisalia ndani ya ngozi huleta usaha. Jeraha lililo wazi ni mlango wa pepopunda, ugonjwa unaoweza kuua. Isitoshe, pini moja inapotumiwa kwa watoto wote wa boma, damu ya mmoja huweza kumfikia mwingine pamoja na virusi vya homa ya ini au vya Ukimwi.

Wapo pia wanaopaka mafuta ya taa, petroli au dawa ya kuogeshea mifugo. Vitu hivi huchoma ngozi, na sumu ya dawa za mifugo huweza kupenya mwilini kupitia vidonda. Havifai kutumiwa kwa binadamu.

Tiba ya nyumbani inayofaa

Iwapo funza ni wachache, hakuna usaha na mgonjwa ana afya njema, matibabu yanaweza kuanzia nyumbani. Miguu ioshwe kwa sabuni na maji safi kila jioni, ikaushwe vyema, kisha kila uvimbe upakwe mafuta.

Kwale imejaliwa miti miwili inayohusika na tiba hii, yaani mwarobaini na mnazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliofanywa miongoni mwa watoto wa pwani ya Kenya, ulilinganisha mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za mwarobaini na mafuta ya nazi na dawa ya zambarau iitwayo pamanganeti ya potasiamu. Mchanganyiko huo haukuishinda dawa hiyo katika kuua funza, lakini ulipunguza maumivu na uvimbe vizuri zaidi.

Mafuta ya mwarobaini ni ya kupaka tu. Mtoto akiyanywa huweza kudhurika vibaya, hivyo yahifadhiwe mbali na watoto.

Dawa ya zambarau nayo yahitaji uangalifu. Ikikorogwa nzito huunguza ngozi, na ikimezwa ni sumu. Ni heri ipimwe na mhudumu wa afya.

Wakati wa kwenda zahanati

Mgonjwa asicheleweshwe nyumbani iwapo ana usaha, harufu mbaya, uvimbe unaopanda mguuni, homa, au maumivu yanayomzuia kutembea. Hali kadhalika wenye kisukari, watoto wachanga, wazee, wajawazito na wale wenye funza wengi wanapaswa kuonwa na mhudumu. Taya likikaza au misuli ikikakamaa, mgonjwa afikishwe upesi katika hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni.

Katika kituo cha afya, mhudumu hutumia vifaa visivyo na viini, husafisha kidonda na kuangalia iwapo mgonjwa anahitaji chanjo ya pepopunda. Anaweza pia kutoa dawa ya kuzuia maambukizi ya bakteria.

Ipo tiba nyingine isiyohitaji kuchokoa, nayo ni mafuta ya dimetikoni, ambayo hutumika pia kuua chawa wa kichwani. Mafuta haya huziba njia ya pumzi ya mdudu. Katika utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2014, asilimia 78 ya funza waliotibiwa kwa mafuta hayo hawakuonyesha dalili ya uhai baada ya siku saba, ikilinganishwa na asilimia 39 kwa dawa ya zambarau. Ni vyema kuuliza kwanza kama yanapatikana katika kituo kilicho karibu.

Chanzo kiko sakafuni

Tiba yoyote, iwe ya nyumbani au ya zahanati, haitadumu ikiwa mgonjwa atarejea kulala juu ya sakafu ya udongo yenye vumbi. Funza hustawi wakati wa kiangazi, na hukulia palepale watu wanapolala na kuketi bila viatu. Ndiyo maana viatu vya shuleni pekee havitoshi.

Sakafu inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, na inapowezekana ipigwe saruji. Mbwa, paka na mbuzi wakaguliwe na wasilale ndani, kwa kuwa nao hubeba funza. Watu wote wa boma watibiwe kwa wakati mmoja.

Asiyeweza kufika zahanati anaweza kumwita mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake ili amkague mgonjwa na kumwelekeza. Mwenye funza hajarogwa wala hana laana, na mtoto anayechekwa darasani kwa sababu ya miguu yake ndiye hukawia zaidi kuonyesha vidonda vyake.