"Kama" na "la sivyo": masharti yanayoamua ndani ya kompyuta

Mteja anapotoa pesa kwa wakala wa mobile money huko Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, programu huuliza kwanza. Je, namba ya siri ni sahihi? Kama si sahihi, muamala unakomea hapo. Kama ni sahihi, je, salio linatosha? Swali ambalo jibu lake huchagua njia ya kufuata huitwa sharti.

Mashine hazikuanza na uwezo huo wa kuchagua njia. Charles Babbage wa Uingereza aliuweka katika michoro yake ya karne ya 19, lakini mashine yake haikukamilika. Mashine ya Z3 ya Konrad Zuse, iliyowashwa Berlin mwaka 1941, ilikokotoa vizuri, ila haikuweza kubadili njia kwa kutazama jibu ililolipata.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya programu ya Fortran, kazi ya John Backus na wenzake. Amri yake ya "kama" ilipima hesabu, kisha ikarukia mmoja wa mistari mitatu: jibu likiwa hasi, sifuri au chanya. Kwa wakala, majibu hayo yangekuwa: pesa haitoshi, inaisha yote, au inabaki. Taabu ilimpata msomaji wa programu, aliyesaka namba za mistari ukurasa hadi ukurasa. Mtaalamu wa kompyuta John McCarthy alipendekeza umbo linalosomeka kama sentensi, na lugha ya Algol 60 ikalipokea: kama, basi, la sivyo. Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwani humkumbusha mwandishi wa programu kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Kampuni ya simu ya MTN ilileta mobile money Uganda mwaka 2009. Julai 2018 serikali iliitoza miamala ya mobile money kodi ya asilimia 1. Wananchi walipolalamika, sheria ilirekebishwa mwaka huohuo: asilimia 0.5, kwa kutoa pesa tu. Kwenye programu, marekebisho hayo ni sharti: kama muamala ni wa kutoa, ongeza kodi, la sivyo, usiongeze.

Mpangilio wa hatua nao una uzito. Mteja mwenye salio la shilingi 20,000 akitaka kutoa 20,000, kodi yake ni shilingi 100, ukiacha ada. Kodi ikikokotolewa kabla ya kuuliza salio, programu itakataa. Ikikokotolewa baadaye, itakubali, na akaunti itabaki na deni la shilingi 100.