Unajenga? Waza swichi za simu kabla ya lipu

Wasikilizaji wetu mnaojenga mnatuuliza kama taa na feni zinaweza kuwashwa kwa simu. Zinaweza, ila maandalizi yake hufanyika kabla ukuta haujapigwa lipu.

Kwa kawaida fundi hushusha nyaya mbili tu kwenye boksi la swichi: waya wa moto na ule unaopanda kwenda kwenye taa. Swichi janja nyingi zinataka na waya wa nyutro, kwa kuwa ndani yake mna kifaa cha mawasiliano kinachotumia umeme muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Ukikumbuka baada ya kuhamia, utachimba ukuta ulioupaka rangi juzi. Kwa hiyo tunashauri umwambie fundi, ambaye kwa Tanzania awe na leseni ya EWURA, ashushe nyutro kila boksi na kuacha paipu tupu moja mbili. Swichi zenyewe utanunua hata mwakani.

Chagua zinazobonyezwa pia kwa kidole: bando likiisha, taa ya choo bado iwake. Pampu ya maji usiiunge kwenye swichi ya taa, itaiunguza. Mwombe fundi aifungie kontakta.